Umbali wa Anga na Muda wa Ndege kati ya Mwanza na Kilimanjaro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayetafuta umbali kati ya Mwanza na Kilimanjaro hupata tarakimu yake baada ya sekunde chache, na mara nyingi hupewa pamoja nayo muda wa safari usiofanana hata kidogo na ule ulioandikwa kwenye tiketi. Tarakimu ya kwanza ni ya ardhi na haibadiliki. Ya pili hutegemea aina ya ndege, upepo, milima, foleni ya kutua na hata upande ambao njia ya kurukia inatazama. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msafiri anayetaka kujua tofauti hiyo inatoka wapi, hasa anayepanga kuunganisha safari nyingine baada ya kutua.

Umbali wa anga kati ya viwanja hivi viwili ni kilomita ngapi?

Ni takriban kilomita 473, ambazo ni sawa na maili 294 za kawaida au maili 255 za baharini. Marubani na waongoza ndege hutumia maili ya baharini, ambayo urefu wake ni mita 1,852 kamili, kwa hiyo ukisikia tangazo linalotaja "maili" ndani ya ndege, elewa kwamba maili hiyo ni ndefu kuliko ile ya barabarani. Kipimo cha kilomita 473 hufuata uso wa dunia kwa njia fupi kuliko zote, kuanzia nukta ya marejeo ya Kiwanja cha Ndege cha Mwanza, ambacho alama yake ni MWZ, hadi nukta ya marejeo ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho alama yake ni JRO.

Kipimo hicho hupatikanaje, na je, ninaweza kukikokotoa mwenyewe?

Unaweza, na kwa safari hii hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwanza ipo karibu na latitudo ya nyuzi 2 na dakika 27 kusini, na longitudo ya nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Kilimanjaro ipo karibu na nyuzi 3 na dakika 26 kusini, na nyuzi 37 na dakika 4 mashariki. Tofauti ya latitudo inakaribia nyuzi moja kasoro dakika moja, na kwa kuwa uzi mmoja wa latitudo katika eneo hili una urefu wa kilomita 110.6 hivi, tunapata takriban kilomita 109 kuelekea kusini. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 4 na dakika 8. Uzi mmoja wa longitudo hupungua urefu kadiri mtu anavyoiacha ikweta, lakini kwa latitudo ya nyuzi tatu upungufu huo ni mdogo sana, hivyo bado tunahesabu kilomita 111 na kidogo, na jumla inafika karibu kilomita 460 kuelekea mashariki.

Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo kama tulivyofundishwa kwa pembetatu mraba: jibu ni 473. Kwa safari ndefu, kwa mfano kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya, njia hiyo ya mkato ingetoa jibu lenye kosa kubwa, na ingebidi kutumia kanuni za hesabu za tufe. Hapa dunia ni kama karatasi bapa, na tofauti kati ya njia hizo mbili haina uzito wowote kwa msafiri.

Mbona sehemu nyingine naona kilomita 430, na nyingine kilomita 500?

Kwa sababu wanaopima hawapimi kitu kilekile. Kutoka katikati ya jiji la Mwanza hadi katikati ya jiji la Arusha ni karibu kilomita 430. Kutoka Mwanza hadi Moshi mjini ni kilomita 500 hivi. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kimejengwa kati ya miji hiyo miwili, katika Wilaya ya Hai, kwa nia ya kuihudumia yote miwili, na ndiyo maana umbali wake unaangukia katikati. Tofauti ndogo za kilomita moja au mbili hutokana na kwamba baadhi ya vikokotoo huichukulia dunia kuwa tufe kamili, na vingine huzingatia kuwa imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Je, Kiwanja cha Kilimanjaro na Kiwanja cha Arusha ni kimoja?

Hapana, na kosa hili humgharimu msafiri muda mwingi kuliko kosa lolote la kilomita. Kiwanja cha Arusha, chenye alama ARK, kipo Kisongo, upande wa magharibi wa jiji, na umbali wake wa anga kutoka Mwanza ni kama kilomita 423. Kiwanja cha Kilimanjaro kipo upande wa mashariki, umbali unaokaribia kilomita 50 kwa barabara kutoka Arusha mjini. Njia ya kurukia ya Kilimanjaro ina urefu wa mita 3,600 na hupokea ndege kubwa za masafa marefu. Ya Arusha ni fupi zaidi na hutumiwa hasa na ndege ndogo, nyingi zikiwa za watalii wanaokwenda kwenye hifadhi. Kabla ya kununua tiketi, soma herufi tatu za alama ya kiwanja, maana neno "Arusha" pekee halitoshi kukuonyesha utashukia wapi.

Ndege huchukua muda gani angani?

Jibu la haki ni kwamba hutegemea ndege gani. Baadhi ya vikokotoo vya mtandaoni huchukua kasi moja ya ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 au 850 kwa saa, kisha hugawanya umbali kwa kasi hiyo na kutoa jibu la kati ya dakika 33 na 36. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama ndege ingetokea angani ikiwa tayari kwenye mwendo kasi, na kuishia angani ikiwa kwenye mwendo uleule.

Ndege za mapangaboi za aina ya ATR 72, ambazo zimezoeleka sana katika safari za ndani, husafiri kwa takriban kilomita 500 kwa saa zikishatulia juu. Kwa mwendo huo kilomita 473 zinahitaji dakika 57. Ukiongeza muda unaopotea wakati wa kupaa, wakati wa kupunguza mwendo na wakati wa kujipanga kutua, unapata kati ya saa moja na dakika tano hadi saa moja na robo. Dash 8 Q400, ambayo nayo ni ya mapangaboi lakini ina injini zenye nguvu zaidi, husafiri kwa zaidi ya kilomita 600 kwa saa, na safari nzima angani hukaribia dakika 55. Jeti ya ukubwa wa Airbus A220 hukaribia dakika 45 hadi 50. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan, yenye mwendo wa takriban kilomita 300 kwa saa, huhitaji zaidi ya saa moja na nusu.

Msomaji makini ataona jambo la kushangaza hapo. Jeti ina mwendo unaozidi ule wa ATR kwa zaidi ya nusu, lakini inaokoa dakika ishirini tu, au ishirini na tano. Sababu ni ufupi wa safari. Marubani wana kanuni rahisi ya kukadiria isemayo kwamba kila futi elfu moja za kushuka zinahitaji maili tatu za baharini. Jeti iliyo kwenye futi 30,000 na inayotaka kutua Kilimanjaro, ambapo uwanja uko karibu futi 2,900 juu ya usawa wa bahari, lazima ianze kushuka ikiwa imebakiza kilomita 150 hivi. Imeshatumia umbali usiopungua huo katika kupaa kutoka Mwanza. Kinachobaki katikati, ambacho ndicho kipande pekee inachokimbia kwa mwendo wake halisi, hakizidi sana theluthi moja ya safari. Kwa maoni ya mwandishi, anayelipa zaidi kwa kuwa ndege ni ya jeti, katika umbali huu, analipia utulivu wa safari kuliko muda.

Kwa nini tiketi huonyesha saa moja na dakika ishirini, ilhali rubani ametangaza dakika hamsini na tano?

Wote wawili wako sahihi kwa sababu wanahesabu vipindi tofauti. Rubani anataja muda wa kuwa angani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Ratiba inahesabu tangu ndege inapoondolewa vigingi vya magurudumu na kuanza kusogea, hadi inaposimama kabisa kwenye maegesho ya kiwanja cha pili. Katikati ya vipindi hivyo kuna mwendo wa polepole kwenye njia za pembeni, ukaguzi wa mwisho, kusubiri ruhusa, na wakati mwingine kusubiri ndege nyingine itue kwanza.

Mashirika pia huongeza dakika chache za akiba. Wapo wanaoliita jambo hilo udanganyifu, lakini akiba hiyo ndiyo inayoifanya ndege iliyochelewa dakika kumi kuondoka iweze bado kufika kwa wakati. Unapopanga jambo la kufanya baada ya kutua, tumia muda wa kwenye ratiba kisha uongeze wa kusubiri mizigo. Muda anaoutangaza rubani haufai kwa kazi hiyo.

Kwa nini ndege haifuati ule mstari ulionyooka wa kilomita 473?

Swali hili ndilo lenye utamu kuliko yote, kwa sababu mstari huo, ukiuchora kwenye ramani, unapita mahali ambapo rubani yeyote angefikiria mara mbili. Ukiondoka Mwanza kuelekea mashariki na kusini kidogo, kwa mwelekeo wa takriban nyuzi 103, mstari unapita karibu na Magu, kisha kaskazini ya Bariadi, ukaingia kwenye nyanda za kusini za Serengeti karibu na Ndutu. Hadi hapo ardhi ni tulivu. Baada ya hapo unapanda nyanda za juu za Ngorongoro: unapita kaskazini kidogo ya kasoko (kreta) yenyewe, na kusini kidogo ya mlima Loolmalasin, ambao una urefu wa zaidi ya mita 3,600. Kisha unateremka Bonde la Ufa, ziwa Manyara likiwa upande wa kusini, unapita Monduli, na mwishowe unapenya kati ya jiji la Arusha na kilele cha Mlima Meru. Kilele hicho kina mita 4,566, sawa na futi karibu 15,000, nao mstari unakipita kwa umbali wa kilomita kumi na mbili hivi tu.

Tena hayo yote yanatokea kilomita chache kabla ya kutua, wakati ambapo ndege inapaswa kuwa chini. Ndege inayotoka magharibi haiwezi kuteremka ovyo ikiwa na Meru pembeni na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, mbele yake kwa upande wa kushoto. Kwa hiyo hufuata njia zilizopangwa zenye vituo vya kuelekezea, hubaki juu ya kimo cha usalama kilichowekwa kwa kila kipande cha njia, na huteremka pale tu taratibu za kiwanja zinaporuhusu. Katika maeneo ya milima, desturi ni kuacha nafasi ya angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho jirani. Njia halisi, kwa sababu hizo, huwa ndefu kuliko mstari ulionyooka kwa kilomita kadhaa, na siku nyingine kwa kilomita makumi.

Ndege ndogo isiyo na mgandamizo wa hewa ndani ya chumba cha abiria ina sababu nyingine ya kuzunguka. Sheria za kimataifa hudhibiti muda ambao watu wanaweza kukaa juu ya futi 10,000 bila oksijeni ya ziada, na Loolmalasin peke yake inakaribia futi 12,000. Rubani wa ndege ya aina hiyo atachagua kupinda upande wenye ardhi ya chini, na abiria atalipa kwa dakika.

Mwanzo wa safari nao una mzunguko wake. Njia ya kurukia ya Mwanza inatazama kusini-mashariki upande mmoja na kaskazini-magharibi upande wa pili. Ndege hupaa ikielekea upepo unakotoka. Mchana, upepo wa ziwani unapovuma kutoka kaskazini-magharibi, ndege ya Kilimanjaro hupaa kuelekea Ziwa Victoria, yaani kinyume na inakokwenda, kisha hugeuka juu ya maji na kurudi mashariki. Abiria mgeni hushtuka kidogo, lakini hakuna lililoharibika isipokuwa dakika tatu au nne.

Je, kuruka juu sana hakuongezi umbali, kwa kuwa duara la juu ni kubwa zaidi?

Huongeza, lakini kwa kimo cha kilomita sita nyongeza hiyo ni chini ya nusu kilomita kwa safari nzima. Inaweza kusahauliwa.

Kwenda na kurudi huchukua muda sawa?

Si lazima. Katika latitudo hizi pepo za kaskazi na za kusi, ingawa moja hutoka kaskazini-mashariki na nyingine kusini-mashariki, zina jambo moja la pamoja, nalo ni kwamba zote zina sehemu inayotoka mashariki. Ndege inayotoka Mwanza kwenda Kilimanjaro mara nyingi huwa inaukabili upepo huo, na inayorudi husukumwa nao. Hakuna hapa zile pepo kali za juu za latitudo za kati, zinazoweza kubadili safari ya kuvuka bahari kwa zaidi ya saa nzima, lakini athari yake huonekana.

Tuchukue ndege ya kilomita 500 kwa saa na upepo wa kilomita 40 kwa saa. Ikikabiliana na upepo, mwendo wake juu ya ardhi ni kilomita 460 kwa saa, na umbali wa kilomita 473 utachukua karibu dakika 62. Ikisukumwa, mwendo unakuwa kilomita 540 kwa saa, na muda unashuka hadi karibu dakika 53. Angalia kwamba kwenda na kurudi kwa pamoja ni dakika 114 na ushei, wakati bila upepo wowote jumla ingekuwa dakika 113 na nusu. Upepo hauwezi kukurudishia chote ulichokuchukulia, kwa kuwa unakuchelewesha kwa muda mrefu kuliko unaokuharakisha.

Kwenda na kurudi hutofautiana pia kwa kimo. Kwa utaratibu wa kimataifa, ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupangiwa vimo vya maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, kwa mfano 19,000 au 21,000, na zinazoelekea magharibi hupangiwa 18,000, 20,000 na kadhalika, ili zikikutana njiani zisiwe kwenye kimo kimoja.

Hali ya hewa huathiri vipi muda wa safari?

Huathiri hasa kwa kuchelewesha kuondoka na kutua, kuliko kwa kupunguza mwendo. Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi duniani. Usiku na alfajiri, hewa ya baridi kutoka nchi kavu inayozunguka ziwa hukutana juu ya maji yenye joto, na mawingu mazito ya mvua hujijenga hapo; mchana mawingu huelekea kujijenga nchi kavu. Kwa hiyo ndege ya asubuhi sana kutoka Mwanza, hasa wakati wa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, inaweza kusubiri wingu lisogee au kulizunguka baada ya kupaa. Upande wa Kilimanjaro, mawingu ya chini hutanda kando ya milima, na upepo unaovuka vilele huleta mtikisiko usiopendeza, ingawa ndege imeundwa kuuhimili.

Ndege hubeba mafuta kwa kuzingatia hayo. Mbali na mafuta ya safari yenyewe, lazima iwe na ya kwenda kiwanja mbadala iwapo cha kwanza kimefungwa na hali ya hewa, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo haikusudiwi kuguswa. Kwa Kilimanjaro, kiwanja mbadala kinaweza kuwa Nairobi, ambayo ipo umbali wa kilomita 235 hivi; kwa Mwanza kinaweza kuwa Entebbe, kama kilomita 280. Abiria anayeshangaa kwa nini safari ya ndani inaweza kumfikisha nchi jirani atapata jibu lake kwenye ramani: nje ya mpaka ndiko kiwanja kinachofaa kilicho karibu.

Nikikosa ndege ya moja kwa moja na kupitia Dar es Salaam, ninaongeza kiasi gani?

Unaongeza sana. Mwanza hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 850 kwa anga, na Dar es Salaam hadi Kilimanjaro ni kama kilomita 450. Jumla ni kilomita 1,300, karibu mara tatu ya umbali wa moja kwa moja. Utakuwa angani kwa muda unaokaribia saa mbili na nusu, na ukiongeza kusubiri ndege ya pili, safari ya saa moja huwa ya saa nne au zaidi. Ratiba hubadilika kwa misimu, na si kila siku kuna ndege ya moja kwa moja, kwa hiyo kuangalia siku ya jirani kabla ya kukubali mzunguko huo ni jambo la busara.

Neno "moja kwa moja" lenyewe lisikupotoshe. Wapo wauzaji wa tiketi wanaolitumia kwa ndege isiyotua popote, na wapo wanaolitumia kwa ndege unayoipanda mara moja bila kubadilisha, hata kama itatua njiani kushusha na kupakia abiria. Uliza wazi: inatua wapi kabla ya kufika?

Kwa barabara ni umbali gani?

Njia ya lami kupitia Shinyanga, Nzega, Singida na Babati hadi Arusha ina urefu wa takriban kilomita 800, kisha kuna kipande cha kwenda kiwanjani. Njia fupi zaidi hukatiza Hifadhi ya Serengeti na Ngorongoro, lakini ina malipo ya kuingia hifadhini, saa maalumu za kupita mageti, na sehemu kubwa isiyo na lami. Kwa hiyo kulinganisha saa moja ya ndege na siku nzima ya basi ni sawa, mradi uhesabu pia muda wa kwenda kiwanjani, wa kusubiri, na wa kutoka Kilimanjaro hadi mjini. Kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, safari ya anga hii kwa kawaida haipungui saa nne au tano.

Tiketi imeandikwa 06:30. Hiyo ni saa ngapi kwetu?

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Swali hili linaonekana dogo, lakini kuna watu wameachwa na ndege kwa sababu yake. Tiketi hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu saa kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi. Kanuni rahisi ni kuondoa sita, au kuongeza sita pale ambapo tarakimu ni ndogo mno; jibu likifika kumi na tatu au zaidi, ondoa tena kumi na mbili. Hivyo 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana, na 19:45 ni saa mbili kasorobo usiku.

Hatari kubwa ipo usiku. Tiketi ya Jumatano yenye muda wa 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumatano, maana yake unatakiwa kuwa kiwanjani Jumanne usiku. Ukienda Jumatano jioni, ndege itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Mwandikie anayekupokea muda kwa maneno, pamoja na "usiku wa kuamkia", na usimtumie tarakimu peke yake.

Kuna tofauti ya saa kati ya Mwanza na Kilimanjaro?

Hakuna, Tanzania nzima hutumia saa moja, iliyo mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Jua lenyewe, hata hivyo, halijui hilo: kwa kuwa Kilimanjaro ipo nyuzi nne na ushei mashariki zaidi, huliona jua takriban dakika 16 kabla ya Mwanza.

Umbali huu hutumikaje katika kukadiria hewa ukaa?

Kila kilo moja ya mafuta ya ndege inayoungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ukaa. Kikokotoo cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hakitumii umbali ulionyooka peke yake. Kwa safari zisizofika kilomita 550 huongeza kilomita 50 ili kufidia mizunguko tuliyoieleza hapo juu, na kwa zilizozidi hapo hadi kilomita 5,500 huongeza kilomita 100. Mwanza na Kilimanjaro kwa hesabu hiyo ni kilomita 523, na kupitia Dar es Salaam ni kilomita 1,450. Ndege za mapangaboi hutumia mafuta machache kuliko jeti kwa umbali mfupi kama huu, jambo ambalo linaeleza pia kwa nini mashirika hayaharakishi kuziacha.

Nikae upande gani wa ndege?

Ukitoka Mwanza, kaa kushoto. Meru na Kilimanjaro zitakuwa upande huo, na anga ikiwa safi unaweza kuuona kwa mbali Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio kaskazini ya nyanda za Ngorongoro. Kasoko ya Ngorongoro na ziwa Manyara huwa kulia iwapo ndege itafuata njia iliyo karibu na mstari ulionyooka. Wakati wa kurudi, geuza: milima ni kulia. Chagua safari ya asubuhi kama ratiba inaruhusu, kwa kuwa kadiri mchana unavyosonga ndivyo mawingu yanavyokifunika kilele cha Kibo.